Talaka Ilimkuta Akikoroga Uji

"Hiyo ni mimba, na wala usinidanganye!"

Kidawa hakuwa na nguvu ya kujibu. Alikuwa ameinama kando ya choo cha makuti, mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine umeshika tumbo, anatapika maji matupu. Tangu alfajiri ni hivyo, huku anatapika, huku anaendesha. Na hapo Njinjo ni ugenini. Kwao ni Kilwa Kivinje, mwendo wa lori wa kutwa nzima kwa barabara za enzi ile ya Mwingereza. Mumewe, Yunusu, ndiye aliyemwandikia aje awaangalie wazee wake. Yeye alikuwa Lindi, karani wa shamba la mkonge, na mwezi wa sita huo hajatia mguu nyumbani.

Hiyo miezi sita ndiyo iliyomtoa macho mama mkwe, Bi Esha.

"Siku zako umeziona lini?"

"Nimeoga Ijumaa iliyopita, mama. Wallahi ni tumbo. Labda yale maji ya kisima."

"Maji ya kisima tunakunywa sote. Mbona sisi wazima?"

"Mama, nakufa."

"Hufi. Wenye mimba za wizi hawafi upesi."

Jamani! Mtu anaharisha mpaka macho yamezama, we unamhesabia miezi! Baba mkwe, Mzee Likwata, alijaribu kumtetea.

"Esha, mwache mtoto wa watu apone kwanza."

"Nyamaza wewe! Mwanao anakula vumbi la mkonge, huku anazalishiwa watoto!"

Siku ile ile Bi Esha alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa barua, akamkabidhi Hasani, dereva wa lori, aifikishe Lindi. Kidawa hakujua. Alikuwa mkekani, anakunywa maji ya mchele aliyopikiwa na mzee kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya nne akasimama.

Siku ya tano akaanguka Mzee Likwata. Tumbo lile lile. Kabla jua halijazama na Bi Esha naye akaonekana mbio chooni, kanga mkononi.

Nani aliyewaosha? Kidawa. Miguu bado inamtetemeka, akabeba maji, akayachemsha, akafua, akapika uji wa mchele na kumnywesha mkwewe kwa kijiko.

"Kunywa, mama. Kidogo kidogo."

Bi Esha akanywa bila kumtazama usoni.

"Kidawa..."

"Abee, mama."

"Basi. Hakuna kitu."

Kitu kilikuwapo! Ile barua. Wiki ile lori lilipita mara mbili. Barua ya pili ilitaka mstari mmoja tu: nimekosea, hapa tunaharisha wote. Lakini mkwe mtu akaona haya. Haya zikamshinda, ndoa ya mwanawe ikawa si kitu.

Siku ya kumi na mbili Hasani akasimamisha lori mbele ya nyumba.

"Kidawa! Barua kutoka kwa bwana!"

Mwiko ulimponyoka kwa furaha. Alisoma chuoni tangu mdogo, hakuhitaji msomaji. Akaifungua pale pale jikoni.

"Kwa Kidawa binti Maftaha. Habari zako zimenifikia. Kuanzia leo wewe si mke wangu. Nimekuacha talaka moja, mbili, tatu. Toka kwa wazee wangu. Yunusu bin Likwata."

Aliirudia. Uji ukaanza kuungua.

"Mama, habari gani zilizomfikia?"

Bi Esha, aliyekaa mlangoni pa jiko, akajifunika kanga. Mzee Likwata, aliyeegemea ukuta, ndiye aliyeelewa.

"Esha! Ulimwandikia kwamba ana mimba?"

Mzee akajiinua ukutani.

"Na mimi niliyetapika wiki nzima, mimba yangu ya nani? Na yako wewe, ajuza, ya nani?"

"Mama," Kidawa akasema taratibu, "nilipokuwa nakuosha, ulikuwa unajua kwamba sina mimba?"

"Nilijua, mwanangu."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya."

Kidawa akaepua chungu, akakifunika, akaenda kufunga nguo zake. Lori lilikuwa bado halijaondoka.

Miezi mitatu baadaye Yunusu alisimama mlangoni kwa kina Kidawa, Kivinje, amekonda.

"Baba kaniandikia yote. Nisamehe, Kidawa."

"Nimekusamehe. Eda yangu imekwisha juzi. Nimeoga hedhi mara tatu. Mwenye mimba hatoki edani mpaka azae. Umeihesabu hiyo nayo?"

"Nilikuwa na hasira."

"Na kalamu ulikuwa nayo. Ungeniandikia neno moja: 'Kidawa, ni kweli?' Ningekujibu kwa lori lile lile."

Machozi yakamtoka Yunusu. Naye Kidawa, tusidanganyane, alikuwa bado anampenda.

"Nakutaka, Kidawa. Kizuizi ni zile talaka tatu, siwezi kukurudia mpaka uolewe na mwingine. Lakini nimeshazungumza na mzee mmoja wa Somanga. Atakuoa siku chache, akuache, mimi nikurudie."

"Umeshazungumza naye?"

"Amekubali kabisa."

"Na mimi nimekubali?"

Yunusu akapangusa machozi.

"Ulipoambiwa nimekusaliti, hukuniuliza. Leo unanipeleka kitandani kwa mzee nisiyemjua, hukuniuliza. Nitaolewa, Yunusu, na mtu atakayenitaka kweli. Siolewi ili niachwe."

"Mama anaumwa tena," Yunusu akasema kwa sauti ya chini. "Kila siku anautaja uji wako. Anasema hakuna mwingine anayeujua."

Mkono wa Kidawa ulikuwa tayari kwenye ubao wa mlango.

"Konzi moja ya mchele, maji yachemke sana, chumvi kidogo. Anywe kidogo kidogo. Mwambie hauna siri nyingine."

Akafunga, akatia komeo. Kisha akakaa chini nyuma ya mlango, akauma ncha ya kanga ili kilio kisisikike nje, mpaka viatu vya Yunusu vilipoondoka barazani.