Korido ya Poda

Rafiki yangu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ana mzaha mwingi, lakini ukimtajia korido ya hospitali yao, anabadili mazungumzo.

Mchana mmoja alinyunyiza poda kwenye korido hiyo isiyo na dirisha, ili mzee aliyekuwa amevunjika mguu atembee pekupeku na nyayo zionekane. Mguu wa kulia ulitazama nje, na rafiki yangu aliamini ndiyo maana mzee alikuwa akienda mshazari.

"Baba, fumba macho, elekeza vidole mbele, utanyooka," alimwambia.

Mzee akafumba macho, akatembea. Kila unyayo ulielekea mbele kabisa, lakini mstari wa nyayo bado ukakunja kulia hadi kwenye mlango wa stoo.

"Mwanangu, siendi mwenyewe," mzee alisema. "Napelekwa."

Rafiki yangu akacheka. Alimrudisha mzee wodini, akafagia, kisha akanyunyiza poda mpya kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Umeme ukakatika.

Giza likawa zito hata mkono wake hakuuona. Akaanza kutoka polepole, akihakikisha miguu yake imenyooka. Mbele yake akasikia poda ikikwaruzwa, kwaru, kwaru. Akasimama. Ile sauti ikapiga hatua moja zaidi kumsogelea, nayo ikakoma. Akanyoosha mkono, akagusa mlango wa stoo.

Taa zikawaka. Mbele ya alama za viatu vyake kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, zimekwenda naye njia nzima, visigino vikitangulia, kama za mtu anayemwongoza kinyumenyume. Jozi ya mwisho ilikuwa kati yake na mlango, vidole vikigusa ncha za viatu vyake.