Mazoezi ya Kimyakimya

Kila jioni baada ya masomo, wasichana wa timu ya shule walipanga koni kwenye uwanja wa nyuma ya madarasa, wakamngoja kocha. Kocha wao alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alifika kwa baiskeli, mikono bado ina masizi, akaziitikia shikamoo zao zote kwa mkupuo: "Marahaba, wanangu. Haya, wawili kwa mmoja!"

Katika zoezi hilo, washambuliaji wawili humkabili beki mmoja ndani ya kiuwanja kidogo. Mwenye mpira humvuta beki amjie, kisha humpasia mwenzake aliyebaki peke yake. Beki naye hatakiwi kuuparamia mpira kama kuku aliyeona punje. Hurudi nyuma taratibu, akaziba njia ya pasi na kusubiri wakosee.

Hakuna aliyelipenda zoezi hilo kama Chiriku. Walimpa jina hilo kwa sababu uwanjani mdomo wake haukupoa. "Uko wapi? Niite! Sema!" Mwenzake akijibu tu, pasi ilimfika mguuni.

Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya mechi na shule jirani. Vizibao vya kutofautisha washambuliaji na mabeki vilikuwa vimefuliwa na havijakauka, kwa hiyo wote walivaa jezi za bluu. Kocha akaongeza sharti: "Wapinzani wanasikia mnavyoitana. Leo midomo ifungwe, macho yafanye kazi."

Zamu ya Chiriku ikafika. Alipoanza na mpira, mbele yake walipishana watu wawili wa bluu, kimo kimoja, nyuso kama zimefunikwa na ukungu. Mmoja alikuwa rafiki yake Pilipili, mwingine beki waliyemwita Kifutio. Yupi ni yupi? Akabahatisha. Mpira ukaenda moja kwa moja kwa Kifutio, ambaye aliupokea akabaki ameduwaa.

Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu Chiriku hakutoa pasi kabisa. Alipiga mwenyewe, akakosa.

"Unaninyima makusudi!" Pilipili alifoka. "Nimebaki peke yangu, napunga mikono, wewe unanitazama tu!"

"Sikukuona."

"Hukuniona? Kwani mimi sindano?"

Kocha alipuliza filimbi. "Chiriku, kaa pembeni. Asiyetaka kushirikiana na wenzake sitampanga kwenye mechi."

Chiriku aliketi kwenye nyasi akiuma mdomo. Ubao wa darasani ulikuwa umeanza kumpotea tangu mwanzo wa mwaka. Wauguzi walipokuja shuleni kupima macho, alisikiliza waliomtangulia wakisoma herufi, akazikariri na kufaulu. Kaka yake alikuwa amemwambia kwamba wenye miwani hawachezi mpira, kazi yao ni kuhesabu magoli ya wenzao. Tena kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakuthubutu kumwambia mtu: je, kama macho yanakufa kabisa?

Lakini neno la Pilipili lilimchoma zaidi. Heri aambiwe haoni kuliko kuitwa mchoyo. Mazoezi yalipokwisha, alimfuata kocha aliyekuwa akikusanya koni, akamwambia yote, hata zile herufi za kukariri.

Kocha aliacha koni zake. "Yule pale golini ni nani?"

"Sijui, kocha. Naona bluu tu."

Alikuwa Pilipili, naye alikuwa akimpungia mkono.

Kocha alimgeukia Chiriku. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kabla ya kukuuliza. Twende kwa mama yako."

Mama yake, fundi cherehani, alisikiliza mkasi ukiwa mkononi. "Kumbe! Nami kila siku nakugombeza kwamba hunakili kazi za ubaoni!" Kesho yake hakufungua duka. Alimpeleka binti yake hospitali.

Daktari wa macho alimpima polepole. Chiriku alishika kiti kwa mikono miwili. "Daktari, nitakuwa kipofu?"

"Kipofu?" Daktari akacheka. "Macho yako ni mazima, ila hayaoni mbali. Miwani itatosha."

Mama alishusha pumzi ndefu, akajikuta anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

"Na mpira je?" Chiriku aliuliza.

"Utacheza. Nitakuwekea vioo visivyovunjika kirahisi, na mkanda wa kuishikilia miwani kichwani."

Siku ya mechi, Chiriku alichomoka na mpira, Pilipili ubavuni, beki mmoja tu mbele yao. Alimvuta beki hadi akamkaribia kabisa, akageuza jicho, akamwona Pilipili wazi, hata jasho la puani. Pasi. Goli! Pilipili alimrukia shingoni. "Jamani, leo umeniona!"

Baada ya mechi Chiriku alimkazia macho kocha. "Kocha, kumbe una mvi!"

Timu nzima iliangua kicheko, na kocha mwenyewe akacheka hadi akakohoa. Kisha akawaambia wakae.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzenu ameumbuliwa na mpira, tumshukuru Mungu. Mwili ukikusumbua, sema mapema. Na mwenzako akikosea, muulize kwanza ana nini. Hilo linanihusu hata mimi mwenye mvi."