Kiti cha Mbele cha Basi la Onesmus

Basi la kampuni lilikuwa limeshaondoka, na Pauline yuko chini, anatembea pembeni mwa barabara na hotpoti yake ya chakula mkononi. Onesmus, dereva, akapunguza mwendo, akachungulia dirishani.

"Pau, ingia gari! Jua likitoka utaungua."

"Siingii."

"Kwani nimekosea wapi?"

"Waulize waliomo humo ndani. Waliona."

Tuliona. Jana yake jioni, tukitoka kiwandani tunakofua mashuka ya mahoteli, hapa hapa Al Quoz, Dubai, Pauline alikaa kiti cha mbele kwa sababu mguu ulimvimba. Wahid, supavaiza wetu, alipotokeza mlangoni mwa kiwanda, Onesmus akamwambia Pauline mbele ya basi zima: "Inuka, rudi nyuma. Hapa ni pa supavaiza."

Anamwambia hivyo mchumba wake! Mwezi ule wajomba wa Onesmus walikuwa watoke Machakos kupeleka mahari kwa kina Pauline, Muheza.

Pauline hakurudi nyuma. Alishuka.

"Ni wewe mzee," Onesmus akanigeukia asubuhi ile pale usukani. "Wewe ndiye ulimjaza maneno ya Marekani."

Kweli nilimsimulia. Zamani, nikiwa mpishi wa meli, tulitia nanga Mobile, jimbo la Alabama, na kuli mmoja Mweusi akanipa habari za Montgomery. Sheria ya kule ilimtaka Mweusi amwachie Mzungu kiti ndani ya basi. Mwaka 1955 mama mmoja mshonaji, Rosa Parks, akakataa kuinuka, akakamatwa. Wenzake wakasusa mabasi zaidi ya mwaka mzima, wakaenda kazini kwa miguu, mpaka mahakama ya juu kabisa ikaivunja sheria ile.

"Mimi nilisimulia tu," nikamjibu. "Miguu ni yake."

Kesho yake Agnes, mwenzake wa kupiga pasi, akatembea naye. Siku ya tatu, wanawake wote wa kupiga pasi. Waliondoka mapema, wakawahi kazi, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia wamegoma. Basini tukabaki sisi wa magoti mabovu, na Wahid kwenye kiti chake.

Asubuhi hiyo ya tatu, kabla hatujaondoka, Onesmus alinipa simu nisome. Pauline ameandika:

"Wajomba zako wasiende kwetu. Mwanaume aliyeniinua mbele za watu leo, kesho ataniinua mezani kwa mama yake. Khalas, yamekwisha."

"Mzee, nimekwisha," akasema, macho mekundu.

Njiani Wahid, mtu wa Lamu, mpole, akauliza:

"Kwani hawa kina mama mbona hawapandi siku hizi?"

"Ni hicho kiti, bosi," Onesmus akajibu. "Ile kanuni."

"Kanuni gani?"

"Ya supavaiza kukaa mbele."

"Wallahi siijui! Siku ya kwanza ulinipangusia kiti kwa kitambaa, ukanambia hapa ndipo pangu. Nikadhani ndiyo desturi yako. Mimi huku mbele jua laniunguza!"

Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Onesmus, kule Montgomery kulikuwa na sheria na polisi. Wewe ulikuwa na kitambaa tu."

Tulipowafikia wanawake, Onesmus aliegesha mbele ya ghala moja, akazima injini, akashuka.

"Pau, hakuna kanuni. Niliitunga mimi. Nilitaka Wahid aniombee niwe mkuu wa madereva."

"Sema kwa nguvu. Agnes hajasikia."

"Niliitunga mimi!"

"Yalla, haya, tena!" Agnes akadakia. "Wa nyuma nao wasikie!"

"Niliitunga mimi! Nisamehe!"

Pauline akamtazama.

"Na nikiwa kwenu Machakos, nitakaa wapi?"

"Popote utakapo."

"Mama yako akiwepo?"

Onesmus akamsogelea hatua moja.

"Hata mama akiwepo."

Pauline akamkabidhi hotpoti.

"Haya, nibebee. Mguu unaniuma tangu siku ile."

Wanawake wote wakapiga vigelegele, na Wahid naye akapiga makofi.

Wajomba walikwenda Muheza, ndoa ikafungwa Agosti. Sasa Pauline na Onesmus wanaishi mtaa wa Al Baraha, chumba kimoja, jiko wanashirikiana na majirani. Ukuu wa madereva alipewa mtu mwingine. Wahid amehamia ghala la vipuri vya magari kule Ras Al Khor. Agnes alirudi Bukoba, anauza vitenge. Mimi bado niko Al Quoz, na kiti cha mbele cha basi letu anakikalia aliyewahi.