Niliamini Nukta ya Ramani, Nikampoteza Mjomba Aliyenilea

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na ninaishi katika chumba cha kupanga hapa Kasuku, mjini Kindu. Kwa karatasi, mimi ni msomi. Nina shahada ya kwanza ya kilimo, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika tasnifu ya uzamili. Mada yangu ni hii: vifaa vya kufuatilia mashine za shamba zinapoibwa vinategemeka kwa kiasi gani?

Wasomaji wenzangu, jibu ninalo. Laiti nisingelipata kamwe!

Nitaeleza mambo kwa mpangilio wake, kwa sababu nikiyaacha yaje yenyewe, siwezi kuendelea.

Baba na mama yangu walipotea wakati wa vita, nikiwa na miaka minne. Aliyenibeba mgongoni tulipokikimbia kijiji chetu cha Tunda, akanilisha mihogo mibichi msituni na kunifunika kwa shati lake mvua iliponyesha, ni kaka wa mama yangu, Mjomba Ramazani. Alikuwa fundi wa mashine, mtu wa maneno machache, mwenye mikono mipana iliyonuka mazuti, yaani dizeli, hata siku ya sikukuu. Vita vilipokwisha, alinisomesha. Mke wake, Mama Asha, alizoea kumtania kwamba ameoa wake wawili, yeye na madaftari yangu.

Ndiyo maana umoja wa wakulima wa mpunga wa Tunda ulipopata trekta ndogo, ile ya magurudumu mawili ambayo mtu huiongoza akitembea nyuma yake, nilifurahi kupita kiasi. Mjomba alikabidhiwa ufunguo wa banda. Nami niliomba ruhusa ya kufunga kifaa changu kwenye trekta hiyo, kiwe sehemu ya utafiti wangu.

Nakumbuka mkutano wa siku ile. Mzee mmoja, mwenyekiti wa umoja, alinyanyua mkono.

“Sasa hii kadudu yako, mashini ikiibiwa, itapiga kelele ‘mwizi, mwizi’?”

Nikamjibu kwamba haitapiga kelele, itaniambia mimi kwa simu.

“Kumbe weye njo mulinzi! Na uko Kindu! Mulinzi ya mbali hivyo, ni Mungu peke yake.”

Kumbe mimi ndiye mlinzi! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni niliudhika kidogo. Niliwaahidi mbele ya wote kwamba kifaa hiki hakikosei...

Nilikificha mwenyewe, pamoja na betri yake, chini ya tangi la mafuta, kati ya mabati mawili. Sikumwonyesha mtu yeyote. Katika sura ya pili ya tasnifu yangu nilikuwa nimeandika kwamba mahali pa kifaa pajulikane na mtu mmoja tu, kwa kuwa mwizi huweza kuwa mtu wa ndani. Mjomba aliniuliza kwa upole, “Mama, nikifungua mashini kuisafisha, nisije nikakata waya yako. Iko wapi?” Kwetu mjomba humwita mpwa wake mama, kwa mapenzi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hataigusa. Akanitazama kidogo, akatabasamu. “Basi sawa. Siri ya masomo.”

Je, mtu anaweza kumficha jambo yule aliyembeba mgongoni vitani, akadhani bado anamheshimu?

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa maktabani na simu nimeinyamazisha. Nilipoitazama nikakuta nimepigiwa mara mbili na namba nisiyoijua. Nikapiga, haikupatikana. Sikulitilia maanani. Muda si mrefu ikaingia taarifa ya kifaa: mashine imeondoka bandani!

Nilifungua ramani. Nukta nyekundu ilikuwa imekwisha kuiacha Tunda, inaelekea upande wa Kibombo. Palipokosekana mtandao ilitoweka, kisha ikaibuka mbele zaidi. Nilimpigia Mjomba. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena na tena... imezimwa!

Hapo ndipo akili yangu, hii niliyojivunia, ilipoanza kazi. Ufunguo ni mmoja. Anao Mjomba. Kama mlango ungevunjwa, angekuwa amenitafuta. Mwendo wa nukta ni wa polepole, kama wa trekta hiyo ikiendeshwa barabarani. Simu yake imezimwa saa ileile. Nilichora hata jedwali! Upande mmoja sababu za kumshuku, upande wa pili sababu za kumwamini. Upande wa pili niliandika neno moja: “amenilea”. Nikalitazama neno hilo, nikajiambia kwamba hilo si ushahidi. Nikalifuta.

Nililifuta, wasomaji wenzangu!

Nilimpigia mtu niliyesoma naye, ambaye ndugu yake husimamia kizuizi kimoja cha barabarani kusini huko. Sitakitaja. Nilimwambia kwamba mashine ya umoja imeibwa na kwamba naweza kuwaonyesha mwizi alipo. Wakaniunganisha na watu wenye bunduki wa kizuizini hapo. Kwa saa nzima na zaidi nilikuwa nikiwaelekeza. Amevuka daraja la miti. Amesimama. Ameanza tena. Yuko karibu nanyi, mkono wa kushoto, nyuma ya shule. Majaribio yangu niliyoyafanya Kindu kwa pikipiki yalikuwa yameonyesha kosa la mita sita. Siku ile hata mita sita hazikufika.

Walimkamata Mjomba akisukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga tangi la trekta, amelipaka mawese na kulifunika kwa majani ya sombe, yaani kisamvu, lionekane kama dumu la mafuta linalopelekwa sokoni. Tangi peke yake. Trekta haikuwapo.

Walinipigia. Nilisikia sauti ya mtu akiuliza kwa ukali, “Mashini iko wapi? Umeiuzisha nani?” Kisha pigo. Mmoja wao akaniambia kwamba mzee huyu ni mgumu, hasemi hata jina moja, pengine mimi nitamlainisha. Wakamwekea simu sikioni.

Nilisema, “Mjomba, uwaambie tu uliipeleka wapi, watakuachia.”

Alihema kwa muda mrefu.

“Njo weye, mama?”

“Njo mimi, Mjomba.”

Akasema, polepole, kama mtu anayemtuma mtoto akacheze nje: “Kata simu, mama. Usisikie hii.”

Nilikata... Ole wangu, nilikata! Nilidhani ni aibu ya mwizi aliyegunduliwa.

Alhamisi mchana Mama Asha aligonga mlango wangu. Alikuwa amesafiri kwa pikipiki tangu jana yake, tope limemfika kiunoni, kitenge kimekauka na kuwa kigumu kama gome. Nilijiandaa kusikia habari ya wizi wa mumewe. Badala yake alinishika mikono yote miwili.

“Mama, wamemuvunja Mjomba yako. Analala kituo ya afya kule Kibombo, anatapika damu. Kuna muntu alimusemelea! Weye uko na akili ya kitabu, utusaidie tumujue huyo muntu.”

Nilimpa maji ya kunywa, akanieleza yote, hata tangi alilokamatwa nalo Mjomba.

Jumatatu jioni habari zilikuwa zimefika Tunda kwamba watu wenye silaha wanakuja, wanapora kila chenye mota. Mjomba akafanya kama walivyofanya wakati wa vita kwa mashine ya kijiji ya kukoboa mpunga. Aliifungua trekta yote, vipande vipande, akaigawa. Kila nyumba kipande kimoja. Mwenye kipande hajui wenzake ni nani. Anayejua orodha nzima ni fundi peke yake, na anaishika kichwani, haiandiki. Na fundi ameapa: hatataja nyumba hata moja mbele ya mtu mwenye bunduki, awe na sare au asiwe nayo, kwa sababu nyumba itakayotajwa ndiyo itakayochomwa.

“Weye pia unajua hii,” Mama Asha aliniambia. “Ulilalia chuma ya bibi yako miezi mingapi? Alikuwa anakuambia, ‘Usipige teke, huyu ni mugeni wetu.’”

Nilijua! Nilikuwa na miaka minne, na chini ya mkeka wa bibi kulikuwa na kitu kizito, cha baridi, kilichofungwa kwa tambara. Miaka yote nilikikumbuka kama kitu cha mchezo wa utotoni. Sikuwahi kuuliza kilikuwa nini.

“Na lile tangi?” niliuliza.

“Ile kipande njo ilikuwa yake mwenyewe. Alisema ataipeleka kwa dada yangu kule Kibombo. Simu yake ilikuwa imeisha moto ya batri, aliomba ya jirani akakupigia mara mbili, hukupokea. Alisema, ‘Nitafika penye mtandao mwema nimupigie tena, asiogope akiona kadudu inatembea. Sijui iko ndani ya kipande gani.’”

Wasomaji wenzangu, nilianguka sakafuni. Mama Asha alidhani ni uchungu wa mpwa. Akanipepea. Akaniombea! Nami sikumwambia.

Tulifika Kibombo Ijumaa alasiri. Mikono ya Mjomba, ile mikono, ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwikoni, na uso wake ulikuwa umevimba nusu. Aliponiona alisema, “Umefika, mama. Ulikula?” Hakusema zaidi. Tangu Jumanne hakuwa amemwambia mkewe wala mtu mwingine nani alikuwa kwenye simu ile. Hata hapo alinisitiri!

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaanza kuomba msamaha. Akanizuia kwa kichwa. “Sina neno na weye.” Akapumzika, akafumba macho. “Sasa utoke kidogo. Niko na majina ya kumuambia Mama Asha, yasipotee na mimi.”

Utoke kidogo... Alisema bila hasira. Ningeona nafuu kama angenitukana. Nilisimama nje ya ukuta wa chumba chake nikisikia mnong’ono wake ukihesabu nyumba za watu, nyumba nilimozaliwa mimi ikiwa mojawapo labda, na sikustahili kusikia hata moja.

Mama Asha alipotoka, nilimwambia kila kitu. Nukta, jedwali, kizuizi, simu. Hakupiga kelele. Alinitazama kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya uso wangu, akauliza swali moja tu.

“Kwa nini hukuja kutuuliza?”

Kisha akarudi ndani kwa mumewe.

Mjomba alifariki Jumamosi kabla ya adhuhuri. Watu wenye silaha walipita Tunda kweli, wakakuta banda tupu, wakaondoka. Baada ya matanga kila nyumba ilileta kipande chake, vikapangwa juu ya turubai uani kwa marehemu. Hakuna hata kimoja kilichopotea, isipokuwa tangi, ambalo lilibaki kule kizuizini. Lakini nani ataviunganisha? Nilijaribu. Nilikaa siku mbili na kitabu cha maelezo mapajani, mbele ya wanawake waliokuwa wamerudia majembe yao. Sikuweza hata kuirudisha mota mahali pake. Mwenyekiti hakunitania safari hii. Aliniambia tu kwa adabu kwamba jua ni kali, niende nikapumzike.

Mwalimu anayesimamia tasnifu yangu ameniambia kwamba tukio hili, kwa upande wa takwimu, ni zuri. Kifaa hakikupoteza nukta kwa muda mrefu, na mahali kilipoonyesha palikuwa sahihi. Anataka niliingize katika sura ya matokeo. Katika jedwali la sura hiyo kuna safu inayouliza: je, mwizi alipatikana? Nimeifungua mara nyingi, nikaifunga.

Wewe unayesoma haya, pengine umefunga kifaa kama hicho kwenye pikipiki yako, kwenye pampu, kwenye mashine ya kukoboa. Sikuambii ukiondoe. Nakusihi jambo moja. Siku kitakapokuambia kwamba mali yako imeondoka, usiwape watu wenye bunduki njia ya kumfikia mtu wako. Umtafute kwanza wewe mwenyewe. Na simu yake isipopatikana, panda pikipiki, uteleze kwenye matope, ulale njiani ikibidi, mpaka umfikie na umuulize kwa mdomo wako. Na kama ni fundi wako, mwonyeshe waya umeupitisha wapi. Mwonyeshe siku ileile unapoufunga!

Mimi nilikuwa na saa nzima ya kuianza safari hiyo, na niliitumia kuwaonyesha njia wauaji wa Mjomba.