Ubao Uliorambwa

"Mia nne! Mia nne za nini, Baya? Za kunilindia ubao usiibwe?"

"Za kazi, Bwana Badi. Mwezi mzima nimeandika."

"Leo umeandika nini? Jana je? Hebu nisomee, labda macho yangu yameingia mchanga."

Ubao ulikuwa mtupu. Ulisimama nje ya hoteli ya Badi pale mtaa wa Barani, Malindi, umeegemea nguzo, mweusi ti kwa unga wa betri kuukuu, na watu waliozoea kusimama kuusoma kisha wakaingia kunywa chai sasa waliupita kama wapitao choo. Walikwenda ng'ambo ya njia kwa Thuku, aliyeleta video mwaka ule wa themanini na nne, akawa anaonyesha watu wakipigana mateke kutwa kucha.

Ubao ndio uliokuwa jibu la Badi kwa video. Kila asubuhi Baya aandike jambo jipya, fupi, la kumsimamisha mtu. Mwanzoni haikuwa shida. Aliandika kwa nini pweza hupigwa kabla ya kupikwa. Aliandika namna ya kumtambua samaki wa jana kwa kumfunua mashavu, na kisu chenye kutu kinavyotakata kwa ndimu na jivu. Aliyejua kusoma alimsomea asiyejua, wakabishana, na ubishi ukiwakausha makoo wakaagiza chai. Kisha mambo yakamwishia. Akauliza wauza samaki, akauliza mafundi cherehani, akauliza hata waoshaji maiti. Kila aliloambiwa alikuwa keshaliandika.

"Basi nipe nusu, Bwana Badi. Nisipolipa chumba Ijumaa, vyombo vyatolewa nje. Na Mbeyu ameapa, vyombo vikitoka, yeye na mtoto wanarudi kwao Adu na nisiwafuate."

"Mkeo akirudi kwao, nimemposa mimi? Lete la kuandika, bwana! Wateja wakirudi, Ijumaa nakupa mia nne zako mbele ya watu. Wasiporudi, chukua njia."

Adhuhuri Badi alifunga madirisha akaenda kuswali, na kutoka huko akaenda kulala. Baya alibaki jikoni na ubao aliouingiza ndani, chaki mkononi, kichwa kitupu. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo kina mama wa mtaa ule huwaita watoto waingie ndani.

"Hodi," sauti ikasema kwenye mlango wa uani.

Mtu akibishiwa hodi saa ile, tena mlango wa nyuma, huuliza kwanza ni nani, akangoja salamu. Hata mtoto anajua. Asiye binadamu hodi ataisema, lakini salamu hataitoa wala jina hatalitaja. Baya alijua hayo vizuri, ila mawazo yake yote yalikuwa kwenye vyombo vitakavyotupwa nje.

"Karibu," akasema bila kugeuka.

"Niingie na vyangu?"

"Ingia navyo, si nimekwisha kusema karibu!"

Mlango haukulia. Kilichotangulia ni harufu: udi mzuri kwa juu, na chini yake samli iliyochacha na pumzi ya mgonjwa asiyesukutua. Alipogeuka aliona mzee wa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, ndevu zimechanwa, na nyayo zinachuruzika maji, ilhali uani kulikuwa vumbi tupu.

"Watafuta la kuandika," mzee akasema, kama mtu mwenye tonge mdomoni.

"Natafuta hadi nimechoka. Wewe unalo?"

"Ninayo mengi. Lakini ubao usafishwe kwanza."

Akainama, akaachama. Ulimi uliotoka ulikuwa mpana kama kitambaa cha meza, wa kijivu, umeota ukungu wenye manyoya kama mkate uliosahauliwa kabatini. Ukaanza chini ya ubao ukapanda hadi juu, ukizoa vumbi la chaki, ukaacha utelezi uliong'aa na kushuka polepole kama ute wa yai.  Baya alitaka kukimbia. Lakini mzee alikwisha kumnong'oneza neno sikioni, na mkono wake ukaliandika kabla hajakata shauri.

*Kuna muuza nyama hapa Barani hulainisha nyama kavu kwa mate yake.*

Alasiri ile watu walijaa hadi barabarani. Kila mmoja alijua ni nani, na kila mmoja alitaja mtu wake. Kwa Thuku video ilipigana mateke peke yake.

Siku ya pili ubao ukasema: *Kuna mke mtaani huchuja tui kwa kitambaa cha kupengea kamasi.* Wanaume walikuja kusoma, wakarudi nyumbani kugombana. Badi alisimama mlangoni akiwasomea wasiojua kusoma, akirudia neno *kamasi* kwa raha, na vicheko vikawa vikubwa, vya kuchukiza, vya watu wanaofurahia uchafu kwa kuwa wanadhani ni wa jirani.

Mbeyu naye alikuja, mtoto wao Mapenzi mgongoni, akasoma, akacheka hadi akashika nguzo.

"Baba Mapenzi, haya wayatoa wapi? Wa tui ni nani? Nambie mimi tu, sitamwambia mtu!"

"Usisome, Mbeyu."

"Alaa! Mtaa mzima usome, nami mkeo niwe kipofu?"

"Nenda nyumbani."

"Naenda. Lakini wa tui ni jirani yetu Kahonzi, nakuapia." Akaenda zake huku bado anacheka.

Baya hakucheka. Mzee hakubisha hodi tena, maana hakutoka tena. Baya alimsikia ghalani akirambaramba, kuramba kuzito kwa ng'ombe anayemsafisha ndama, na baadaye alikuta sufuria zimekauka na kung'aa ilhali hakuna aliyeziosha, na vikombe vina utando wa ute uliogandamana na vidole. Wateja nao walianza kuisifu chai. Ina utamu wa pekee, walisema, kuna nini humu, Badi, hiliki? Wakanyanyua vikombe wakaramba mashapo ya chini, wakaramba visahani, mzee mzima mwenye kofia yake akaramba meza pale chai ilipomwagika, na mwenzake hakushangaa.

Alhamisi mzee alimnong'oneza habari za Mwanabibi, mjane wa nyumba ya nyuma, ambaye mwanawe alifia baharini: samaki walimwanzia wapi, na wakabakisha nini.

Baya akaweka chaki chini. "Hilo siandiki."

"Watasoma."

"Najua watasoma. Ndiyo maana siandiki."

"Basi kazi imekwisha. Na kazi ikiisha hulipwa."

Hapo Baya akajiona mjanja. Kibarua wa Malindi ana jawabu moja la mdai yeyote, nalo lilimtoka lenyewe. "Mimi ni kibarua tu. Ubao wa Badi, chaki za Badi, wateja wa Badi. Mwenye kazi ndiye mlipaji. Mdai yeye."

Mzee alitabasamu bila kufungua mdomo. Kisha hakuwapo.

Ijumaa baada ya swala hoteli haikuwa na nafasi ya kusimama. Mbeyu alingoja mlangoni, mtoto mgongoni, kuichukua kodi aipeleke mwenyewe. Badi alikuwa mtu wa kusema na kutenda akiwa na furaha. Alihesabu mia nne, akazikung'uta hewani watu waone, akamtia Baya mkononi.

"Haya! Nani asema Badi halipi? Chai kwa wote!"

Akaenda kwenye pipa la maji, akachovya kata, na kata haikutoka. Akavuta. Akavuta kwa mikono miwili, huku akitukana kwa mzaha na watu wakimcheka, mpaka kilichoishika kata kikaanza kuja nayo, cha kijivu, kinene kama paja, kikijikunjua kutoka chini ya pipa pindo kwa pindo kama utumbo, kikibeba ukungu wake wenye manyoya na chaki iliyogandamana juu yake kama utandu, na harufu ile ya samli ikapanda ikawaingia watu puani na kinywani wakati vikombe vyao bado vi midomoni, ndipo kila mmoja akajua ni nini kilichokuwa kikilala ndani ya maji aliyoyanywa na kuyasifu na kuyaramba wiki nzima. Wa kwanza alitapika juu ya meza. Kisha hakukuwa na wa pili wala wa tatu. Walitapika wote, juu ya kanzu, juu ya viatu vya wenzao, na ulimi ule ukaanguka sakafuni ukaanza kuyakusanya.

Badi alianguka chali. Ulimi ukamtambalia, ukaingia kinywani mwake wote, jinsi ulivyoingia Mungu ajua, na mashavu yake yakatuna.

Bi Mastura, mganga wa mtaa ule, aliletwa na chetezo chake kikifuka ubani. Alimfunika Badi shuka, akamfukiza, akakaa kitako kichwani pake.

"Assalaam aleikum."



"Hajibu salamu," akanong'ona Bi Mastura. "Haya, wewe. U nani? Kabila gani?"

"Nilikaribishwa," Badi akasema, kama mtu mwenye tonge mdomoni. "Na vyangu."

"Na nani?"

Mkono wa Badi ukamwonyesha Baya. Watu wakamwachia nafasi.

"Wataka nini utoke? Marashi? Halua? Mbuzi mweusi?"

"Sitaki vya soko. Nimefanya kazi. Nataka ujira."

Baya akapiga magoti kwenye matapishi, akasukuma zile noti mbele. "Chukua! Zote, mia nne, hata moja sibakishi!"

Ulimi ukatoka, ukazigusa noti, ukarudi. "Hizo zako wewe. Wewe ndiye uliyesema mwenye kazi ndiye mlipaji. Ubao wa Badi, ukasema. Ubao nimeuramba. Chaki za Badi. Chaki nimezila. Na la tatu ulitaja nini?"

 Bi Mastura alimtazama Baya. "Ulitaja nini, mwanangu? Sema!"

"Wateja," akasema Baya.

Watu wakaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na hakuna aliyeweza kufunga mdomo wake. Midomo ilikuwa wazi, ndimi zinaning'inia, kama mbwa wakati wa jua. Baya akamtafuta Mbeyu. Alikuwa pale pale kizingitini, mikono nyuma akimshika mtoto, macho yamejaa machozi, na ulimi wake umetoka wote, wenye vumbi jeupe.

Badi akaketi wima, shuka begani.

"Waliosoma ni wangu. Yule mwenye mtoto alicheka kuliko wote. Mleteni."