Dereva Anayechoka

Mwenye lori alipouza lori lake, dereva wake alibaki nyumbani miezi mitano. Alizoea kuamka alfajiri, kwa hiyo aliendelea kuamka. Alifagia ua, akakaza bawaba za mlango, akatengeneza kiti ambacho hakikuwa kibovu. Mkewe alijua mumewe hafagii ua. Anafagia mawazo.

Siku moja kampuni ya kusambaza vioo ilimwita kwenye usaili. Mkewe alifurahi. Yeye akanywea.

"Kuna nini, baba watoto?"

"Wanasema kuna jaribio la uwezo na tabia. Kama lile la mwezi wa tatu."

Lile, la kampuni nyingine, lilimwachia donda. Alikwama kwenye swali la nne la hesabu, akang'ang'ana nalo mpaka muda ukaisha. Kwenye maswali ya tabia alijisifu kupita kiasi. Wakamkataa. Tangu hapo alijiona mbumbumbu. Miaka ishirini barabarani bila ajali ikawa si kitu machoni pake.

"Siendi," alisema. "Niliishia darasa la saba. Karatasi itaniumbua tena."

Mkewe hakubishana. Alimwita mdogo wake, karani wa ajira katika kiwanda cha rangi. Jumapili akaja na karatasi za mazoezi.

"Shemeji, maswali ya tabia uliyajibuje?"

"Waliuliza kama huwa nachoka. Nikajibu kamwe. Kama huwa nakasirika. Kamwe."

"Dada yangu yupo jikoni. Nimwite tumuulize?"

Dereva alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Maswali hayo hayana kupata wala kukosa," karani alisema. "Jambo moja huulizwa kwa njia mbili tatu. Ukijipamba, utajisahau mahali. Sema ukweli. Wanaangalia kama wewe na kazi mnafaana."

"Na hesabu?"

"Hizo zina majibu, na muda ni mfupi makusudi. Wengi hawamalizi. Ukikwama, ruka, utarudi baadaye. Usipoelewa maelezo, uliza kabla muda haujaanza kuhesabiwa. Na miwani usiisahau."

Walianza mazoezi palepale. Mara ya kwanza alipata sita kati ya ishirini. Alitaka kuinuka, shemeji yake akamsogezea karatasi nyingine. Akapata tisa. Baada ya siku nne, kumi na tatu. Maswali ya kupanga maumbo aliyajibu upesi, kama mtu anayepakia lori.

Siku ya jaribio ilifika. Swali la saba lilimkwamisha. Mkono ulitaka kung'ang'ana. Akaruka, akasonga mbele. Alipoulizwa kama huwa anachoka kazini, akajibu: mara nyingine.

Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya mkuu wa usafirishaji, mwanamke wa sauti ya chini.

"Hesabu umepita. Hapa umejibu kwamba huwa unachoka. Ukichoka, unafanya nini?"

"Naegesha pembeni, mama. Nanawa uso, nalala kidogo. Kisha napiga simu kusema nitachelewa."

Mkuu aliandika kitu.

"Wenzako tisa wameniambia hawachoki kabisa. Hao siwezi kuwapa vioo vyangu."

Akamsogezea mkataba.

Nje, dereva aliketi kwenye ngazi. Pumzi ndefu ilimtoka, kama mtu aliyetua gunia. Akampigia mkewe.

"Nimepata."

Kisha akasikia kiti kikivutwa.

"Mama watoto, upo?"

"Nipo. Nimekaa sasa. Hebu sema tena."