Matundu ya Bi Nasima

Kufuli lilikuwa mahali pake na sanduku lilikuwa mahali pake. Baruti ndiyo haikuwapo. Inspekta Eliudi alipiga magoti ndani ya ghala la machimbo ya mawe, nyuma ya kijiji cha Ushongo, akapitisha mkono katika sanduku tupu. Vijiti ishirini na vinne vya baruti vilikuwa vimetoweka pamoja na viwashio vyake.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alijibu Faizal, mwenye machimbo. "Mmoja ninao mimi. Wa pili anao mlinzi wangu, Jaku."

Jaku, Mpemba mpana wa mabega, alisimama mlangoni akiitazama ardhi.

"Ufunguo wako uliibwa?"

"Hapana, afande. Huu hapa. Siku nne zilizopita nilikwenda kusali alasiri. Niliporudi nikafungua sanduku, nikalikuta tupu."

"Ulifungua kwa nini? Mlinzi hulinda mlango. Ndani ya sanduku ulifuata nini?"

 Haikupita robo saa Jaku akawa amekiri: kwa miaka miwili alikuwa akiwapa wavuvi baruti kwa siri, nao wakimpa kitoweo. Alasiri ile, aliporudi kutoka msikitini, alifungua sanduku ili amchukulie nahodha Abdulla fungu lake.

"Basi mwizi ni huyo Abdulla," alisema Koplo Uweso, Mdigo wa Moa, walipokuwa wakiteremka pwani.

Walimkuta Abdulla ameketi mchangani, akishona wavu uliochakaa.

"Baruti iko wapi?" Eliudi alimuuliza.

"Afande, ningekuwa nayo ningekaa hapa nikishona matambara? Leo siku ya nne tunaingoja. Tulikwisha kupatana kuupiga Mwamba wa Kati bamvua hii, maji yakitoka sana. Ndio mwamba pekee uliobaki na samaki."

"Nyavu mpya zimejaa madukani Tanga. Huoni kwamba baruti inavunja hata nyumba za samaki?"

"Naona. Lakini nyavu zimekuja mwaka huu, afande. Njaa ilizitangulia kwa miaka saba."

Eliudi aliondoka na koplo wake. Yeye alizaliwa Amani, kando ya msitu, na bahari hakuijua vema. Lakini jambo moja lilimkera akilini. Baruti ni kitu chenye sauti. Siku nne zilikuwa zimepita tangu ilipoibwa, na pwani nzima hapakusikika mlio hata mmoja.

"Uweso, mwizi huyu hakutaka kuitumia. Alitaka isitumike. Nani anafaidika mwamba ule ukisalimika?"

"Samaki, afande."

"Samaki hawashiki ufunguo. Mwingine?"

Koplo aliacha kutabasamu. "Wanawake wanaochokoa pweza katika matundu ya mwamba ule."

Kesho yake asubuhi, maji yalipokupwa, wapelelezi hao wawili waliwafuata wanawake hadi Mwamba wa Kati.

"Afande, viatu hivyo vitakunywa maji mpaka vilewe," alisema mmoja wao, mwembamba, aliyeitwa Time. Wenzake walicheka. Eliudi akavivua.

Uweso alimweleza desturi yao. Kila mwanamke alikuwa na matundu yake, aliyorithi kwa mama yake, na mwenziwe hayagusi. Lakini tundu halipitwi. Mwenye nalo akilipita bila kulichokoa kwa fimbo, huhesabiwa kuwa ameliacha, na anayemfuata ana haki ya kulichukua.

Eliudi alitembea taratibu akiangalia kila fimbo inapochokoa. Mbele yake mama mmoja wa makamo, aliyejitanda kanga ya rangi ya zambarau, alichokoa tundu la kwanza na la pili. La tatu, lililozibwa kwa mawe, alilipita.

"Nasima," Time aliita nyuma yake, "umeliacha? Nilichukue?"

"Usiliguse."

"La nne je? Nalo umelipita."

"Nimekwambia usiyaguse, Time. Hutaki kusikia?"

Eliudi alisogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Katika tundu hili mna pweza wa namna gani?"

Bi Nasima aliwatazama wenziwe, kisha akaegemea fimbo yake. "Asiye na mikono. Ila wavuvi wamepoteza mikono mingi kwa sababu yake."

Uweso aliyaondoa mawe. Ndani mlikuwa na vijiti vitano, karatasi zake zimeoza, unga wake umeliwa na maji ya chumvi; vilivyobaki walivikuta katika matundu yake mengine.

"Ufunguo uliupataje?"

"Jaku ni mume wangu. Nilimpelekea kanzu ya kusalia, akaacha shati la kazi mikononi mwangu, na ufunguo mfukoni. Alipokuwa msikitini nilitia baruti kikapuni, nikaurudisha ufunguo."

"Ulijua kwamba ni wizi?"

"Nilijua. Nilijua pia siku waliyoipanga." Alionyesha mwamba kwa fimbo. "Miaka ile ambayo maduka hayakuwa na unga wala sabuni, hapa ndipo tulipokula. Hatukulima, hatukupalilia; tulipewa tu. Leo vitu vimerudi madukani, nasi tunataka kupavunja. Kwa adabu gani? Niandikie jela, lakini mwamba usipigwe."

 Mama yule alimshika Eliudi mkono, akamwongoza hadi ukingoni, mahali palipokuwa na weupe mtupu, matumbawe yamesagika kama chokaa.

"Hapa walipapiga mwaka juzi. Inama."

Katikati ya vifusi palikuwa na tundu jipya, jembamba. Pweza mdogo alikuwa amejipangia kokoto mlangoni, na nyuma yake vilining'inia vishada vya mayai.

"Hutamchokoa?"

"Anayelalia hachokolewi. Huyu nimemwachia pahala."

Mchana, katika kituo cha Pangani, Jaku na Abdulla waliwekwa ndani, na Faizal akaagizwa aweke polisi baruti yoyote mpya atakayoinunua. Kisha Eliudi akafungua jalada la Bi Nasima. Sheria ilimtaka aandike kosa, naye angeliandika bila kupunguza neno. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mpelelezi kuuandika apendavyo. Akaandika kwanza habari za pweza anayelalia mayai kwenye vifusi, ili hakimu aanze kusoma hapo.